Mwatime Aliyemnyima Mumewe Radhi

Paukwa!

Pakawa!

Sisikii! Paukwa!

Pakawa!

Paliondokea nyumba na waliomo.

Waliomo ni nani?

Mume na mke, na mmoja kesha kwenda.

Haya, sogeeni. Wewe Kibibi, acha kuchokoa mkeka, hukuufuma wewe. Hadithi ya leo haina sungura wala haina harusi mwishoni. Anayetaka kucheka na aende kwa babu yake, yuko barazani anajichekea peke yake.

Hapo kale, katika mji wa Mbambakofini, alikuwako mwanamke jina lake Mwatime. Mumewe aliitwa Shomvi, naye alikuwa mkwezi wa minazi. Walipendana hao! Walipendana mpaka majirani wakachoka kuwatazama. Shomvi akiwa juu ya mnazi, Mwatime yuko chini anakusanya madafu. Shomvi akishuka, Mwatime amekwisha kumwekea maji ya kunawa. Watu wakiulizana, "Hawa wamelishana nini?" Hawakulishana kitu. Walipendana tu.

Basi siku moja mvua ilinyesha, minazi ikawa inateleza. Mwatime akamwambia mumewe, "Bwana, leo usikwee."

Shomvi akacheka. "Mke wangu, mkwezi akiogopa mvua atakula nini?"

Akakwea. Akapanda vidato kimoja kimoja mpaka juu, akashika kuti. Kumbe lile kuti lilikuwa kavu, likang'oka mkononi. Akaanguka. Hakusema hata neno. Mwatime alikuwa pale pale chini, na kile kishindo hakikumtoka masikioni maisha yake yote.

Msiba ukawa msiba. Watu wakaja, maiti akaoshwa, akavishwa sanda, akalazwa kwenye jeneza.

Sasa nisikilizeni vizuri hapa. Katika mji ule maiti hakutoka nyumbani hivi hivi. Watu wa ndoa hawakosi kukoseana: leo neno, kesho neno, na mengine mtu huyameza yakabaki tumboni. Kwa hiyo kabla jeneza halijainuliwa, mwanamke mzima wa ukoo alikwenda nyuma ya pazia alikokaa mjane, akamwuliza mara tatu: "Mumeo anaondoka. Umemwia radhi?" Naye mjane alijibu, "Nimemwia radhi. Aende." Akishasema hayo, wanaume wakainua. Ndiyo desturi yao, na kila mwanamke aliijua tangu yu msichana.

Aliyekuja kumwuliza Mwatime ni shangazi yake, Bi Mwanasiti.

"Mwatime, mumeo anaondoka. Umemwia radhi?"

Kimya.

"Mwatime, mwanangu, mumeo anaondoka. Umemwia radhi?"

Kimya.

"Mwatime! Watu wanangoja. Umemwia radhi?"

Kimya, kama jiwe.

Msidhani alikuwa na kinyongo. Shomvi hakuwahi kumkosea la kukumbukwa. Mwatime alikuwa na lake moyoni. Alijiambia, "Nikisema aende, atakwenda. Nisiposema, haendi." Basi akauma midomo yake mpaka ikatoka damu, na neno halikutoka.

Bi Mwanasiti akamwonea huruma. Akadhani uchungu umemfunga ulimi. Nje wanaume wanakohoa, jua linapanda, maiti hangoji. Shangazi akageuka, akapaza sauti, "Amesema! Amemwia radhi! Inueni!"

Loo! Uongo wa huruma nao ni uongo. Jeneza likainuliwa, Shomvi akaenda kuzikwa, na Mwatime akaingia eda.

Eda mnaijua. Mjane hukaa ndani, hatoki, hajipambi, hajipaki hina, anamkalia mumewe mpaka muda wake utimie. Aliyekuwa akimpikia ni mama mkwe wake, Bi Kidawa, mama yake Shomvi mwenyewe. Bibi wa watu amezika mwana, na bado anasonga ugali.

Siku moja, adhuhuri, jua la utosi, Bi Kidawa amekwenda kisimani. Mwatime yu peke yake. Akasikia mtu anatembea uani. Ta-ta, ta-ta, ta-ta. Miguu miwili. Moyo ukamlipuka, maana mwendo ule aliujua. Ukaja mpaka kwenye mlango wa nyuma, ukasimama, na sauti ikaimba:

*Mke wangu, niachie,*
*Njia ndefu, niachie,*
*Jua limenichwea,*
*Mke wangu, niachie.*

Mwatime akaruka kwa furaha. Maneno hakuyasikia. Alisikia sauti tu.

"Bwana! Umerudi! Ingia!"

"Siwezi kuingia," ikasema sauti. "Na kwenda siwezi. Niwie radhi, niende."

"Thubutu! Nimekushika, sikuachii."

Akafungua mlango. Hakuna mtu. Mchangani pana nyayo za miguu miwili, zimefika mlangoni zikakoma. Mwatime akazishika kwa kiganja, akacheka. Mchana ule akapika wali wa nazi na samaki, akauweka kizingitini. Kesho yake akaukuta kama alivyouacha. Hata sisimizi hawakuugusa.

Zikapita siku. Adhuhuri nyingine, Bi Kidawa yuko kisimani, Mwatime akasikia tena. Ta, ngo! Ta, ngo! Mguu mmoja na fimbo.

*Mke wangu, niachie,*
*Njia ndefu, niachie,*
*Jua limenichwea,*
*Mke wangu, niachie.*

"Bwana, mguu wako mwingine uko wapi?"

"Umeliwa."

"Umeliwa na nani?"

"Niwie radhi, niende."

Mwatime akalia. Akalia sana. Lakini akasema, "Hata kwa mguu mmoja wewe ni mume wangu. Sikuachii." Akafungua mlango, akaona mchangani unyayo mmoja na tundu la fimbo.

Zikapita siku tena. Adhuhuri ya tatu hakusikia mguu. Alisikia kitu kinajikokota. Kwaru. Kwaru. Kwaru. Na sauti haikutoka juu ya mlango kama anavyosimama mtu. Ilitokea chini kabisa, kwenye kizingiti.

*Mke wangu, niachie...*

Haikumaliza. Mwatime alipofungua, aliona mchangani mburuzo mpana, kama gunia lililovutwa. Siku hiyo hakupika. Siku hiyo aliogopa.

Basi amesimama hivyo, mlango wa nyuma uko wazi, akasikia mtu kwenye mlango wa mbele.

"Hodi."

"Karibu."

Akaingia mwanamke mrefu, nguo nyeupe, uso wa mtu mzima asiye na umri. Mikono yake yote miwili ilikuwa na hina mbichi mpaka viwikoni, inachuruzika sakafuni, haikauki.

"Samahani, mama," Mwatime akasema, "nyumba hii ina eda. Hapa hatuingii na hina."

"Sikuipaka leo," yule mwanamke akasema. "Hii naipaka tangu dunia haijajaa watu. Siku ya harusi yako ulikuwa na kungwi?"

"Nilikuwa naye."

"Alikufanyia nini?"

"Alinifunza nisilolijua. Kisha akanishika mkono, akanipeleka kwa mume wangu."

"Basi na wafu wana kungwi wao. Ndiye mimi. Anayekufa haijui njia, kama mwari asivyojua ndoa. Humshika mkono nikampeleka. Mumeo nilimshika mkono nikamfikisha mlangoni kwa wafu wenzake. Akaulizwa, 'Mkeo amekuwia radhi?' Mlango ukakataa kufunguka."

"Shangazi alisema nimemwia!"

"Mlango haumjui shangazi yako."

Mwatime akakaa chini. "Sasa yuko wapi?"

"Yuko pori la katikati. Kwenu hayuko na kwao hayuko. Wanaonyimwa radhi hubaki pale, na pori lile lina mwenyewe. Zimwi. Hula waliobaki njiani, leo mguu, kesho mguu. Na kwa kuwa wamekwisha kufa, hawapati kufa tena wakapumzika. Mwari wangu, mwie radhi mumeo. Mwie radhi hapa hapa ulipokaa, nikamchukue. Kungwi husema mara tatu tu, na hii ni ya kwanza."

Mtu mwenye akili angesema pale pale, yakaisha. Lakini sikio la kufa halisikii dawa. Mwatime alisikia jambo moja tu: kwamba mumewe yuko mahali, na mahali hapo pana njia ya kufikia.

"Nipeleke," akasema.

"Ukafanye nini?"

"Nikamchukue."

"Wote husema hivyo."

"Nipeleke, kungwi wangu. Nipeleke."

Kungwi akamtazama, akashusha pumzi. Akaingia chumbani, akafunua shuka la kitanda kile walichokuwa wakilalia Mwatime na Shomvi. "Ingia uvunguni," akasema.

Mwatime akainama, akaona sakafu ya uvunguni imefunguka, na njia inashuka.

"Kila kitanda cha ndoa chini yake pana njia hii," Kungwi akasema. "Mmoja ataipita kabla ya mwenzake. Hamkuambiwa siku ya harusi, kwa sababu mngeambiwa msingeoana."

Wakashuka. Mwatime ameushika mkono wa Kungwi, na ile hina ilikuwa baridi mpaka mifupani. Chini hapakuwa na jua wala giza. Palikuwa na wekundu tu, kama macho ya mtu aliyelia siku nyingi. Vichaka huku na huku, na njia katikati.

Wakamkuta mzee amekaa kando ya njia, hana mikono. Akasema, "Mama, ukirudi, niombee radhi kwa mwanangu."

Wakaenda. Wakamkuta mwanamke amelala kando ya njia, hana miguu. Akasema, "Dada, ukirudi, niombee radhi kwa mume wangu."

Wakaenda. Wa tatu hakusema kitu. Yalikuwa yamebaki macho tu juu ya jani, na macho yale yakamfuata Mwatime mpaka walipopita.

"Umewaona?" Kungwi akasema. "Hao wote kuna anayewashikilia huko juu, wengine kwa chuki, wengine kwa mapenzi. Huku matokeo ni yale yale. Mwari wangu, mwie radhi mumeo. Hii ni ya pili."

"Nifikishe kwanza nimwone."

Wakafika. Mlidhani nyumba ya zimwi ni chafu? Wapi! Ilikuwa imefagiwa, imepigwa chokaa. Zimwi mwenyewe amekaa mlangoni juu ya kigoda, nywele mpaka magotini, tumbo limelala mapajani, kucha ndefu, meno yake ameyasugua kwa mkaa yakang'aa. Alipomwona Mwatime akainuka kwa adabu.

"Karibu, shemeji! Karibu sana! Mpishi wangu mwenyewe amekuja!"

"Mimi si mpishi wako," Mwatime akasema. "Umemla mume wangu."

"Aa, shemeji, usinionee. Mimi siibi. Mimi sivunji mlango wa mtu. Nala kilichoachwa njiani. Wewe umeniandalia, mimi nimekula. Tangu lini mgeni akasusa chakula alichoandaliwa?" Akajipangusa midomo. "Na umeniandalia kizuri. Mkwezi ana nyama ngumu, lakini tamu."

Mwatime akatamani ardhi ipasuke. Alikuwa ameizuia roho ya mumewe kwa meno, akidhani anailinda, kumbe alikuwa anamlisha zimwi.

Na Shomvi alikuwa amelazwa kando ya ukuta juu ya jamvi. Hana miguu. Ana mkono mmoja, kiwiliwili na kichwa.

"Mwatime," akasema. Uso ukachangamka. "Umekuja kuniaga?"

"Nimekuja kukuchukua."

Ule uchangamfu ukazimika. "Mke wangu, mimi nimekufa."

"Usiseme hivyo."

"Nimekufa, Mwatime. Nilianguka ukaniona. Na inaniuma. Kila siku anapokuja na kisu chake inaniuma, na silali, na sizimii. Niwie radhi, niende. Niwie radhi nami nikuwie radhi, tuagane vizuri wakati bado nina ulimi wa kusemea."

"Nitakubeba. Nitakulisha kwa mkono wangu, nitakuogesha, nitakulaza kitandani petu."

"Mimi sitaki."

"Hujui unalosema."

"Najua. Sitaki."

Hapo ndipo lile neno lilipomfika Mwatime mdomoni. Wallahi lilifika, likawa kwenye ncha ya ulimi. Lakini akakiona kitanda chake kitupu. Akaziona jioni za peke yake, chungu kidogo cha kupikia mtu mmoja, mpaka uzeeni. Neno likarudi tumboni.

"Mwari wangu," Kungwi akasema polepole, "mwie radhi mumeo. Hii ni ya tatu."

"Siwezi."

"Basi nimemaliza. Sasa nakuongoza njia tu. La nne hufunza ulimwengu."

Zimwi akapiga makofi. "Mchukue, shemeji! Nikuzuie mimi nani? Mume ni wako." Akawasogezea jamvi mwenyewe. Muogopeni adui anayewasaidia kufunga mizigo.

Mwatime akavua kanga yake moja, akamfunga Shomvi mgongoni kama mtoto. Ule mkono mmoja ukapita juu ya bega lake, ukaning'inia mbele, na Mwatime akaushika kifuani. Wakaanza kurudi. Kungwi mbele, Mwatime nyuma yake. Na nyuma ya Mwatime? Mnajua nyinyi nani yuko nyuma. Yeye hakujua.

Wakatembea. Mwatime akauliza, "Mume wangu, uko?"

"Niko," Shomvi akasema. "Mwatime, nataka kukwambia..."

"Utaniambia nyumbani."

Wakatembea. Mzigo ukawa mwepesi kidogo. Mwatime akauliza, "Mume wangu, uko?"

"Mm," ikatoka sauti.

Wakatembea. Mzigo ukazidi kuwa mwepesi. Mwatime akajisemea, "Mapenzi hayana uzito." Eti mapenzi! Akauliza, "Mume wangu, uko?"

Hakujibiwa. Ule mkono tu ukambana kidogo kifuani. Mwatime akadhani mumewe amesinzia kwa uchovu, akapunguza mwendo asimwamshe. Na Kungwi kule mbele alikuwa anasikia kila kitu, anasikia kutafunwa. Alikwisha sema mara tatu, na kungwi hasemi ya nne. Alitembea machozi yanamtoka.

Wakafika. Mwatime akatambaa, akatokea uvunguni mwa kitanda, akaketi sakafuni chumbani kwake. Akafungua kanga kwa haraka. "Tumefika, bwana, tumefika nyumbani."

Ndani ya kanga palikuwa na kichwa, bega, na ule mkono mmoja aliokuwa ameushika mwenyewe kwa mbele. Kiwiliwili hakipo. Macho ya Shomvi yako wazi, yanamtazama mkewe, na midomo ina damu.

Mwatime hakupata hata kupiga ukelele. Uvunguni pakatokea nywele, kisha paji la uso, kisha meno meupe yanayotafuna.

"Nyumba nzuri, shemeji," Zimwi akasema. Akaweka kucha zake sakafuni, akajivuta nusu. "Mimi bwana sina makuu. Kilipo chakula changu ndipo kwangu. Nitakaa hapa uvunguni. Na huyo anayetwanga huko uani ni nani? Nasikia mchi."

Alikuwa Bi Kidawa. Amerudi kutoka kisimani, anatwanga mpunga wa kumpikia mkwewe, hana habari.

"Mwache mama!" Mwatime akalia.

"Nimwache vipi? Umefungua njia wewe. Nikimaliza hiki nitanyoosha mkono."

Kungwi amesimama pembeni, hina inachuruzika.

Mwatime akamtazama mumewe. Mara ya kwanza tangu aanguke, akamtazama yeye, asijitazame mwenyewe. Akaona mtu aliyechoka. Akaona mtu anayeumia. Akakiinua kile kichwa, akakiweka mapajani.

"Shomvi, nimekuwia radhi. Nenda."

Zimwi akaacha kutafuna.

"Shomvi, nimekuwia radhi. Nenda."

Kucha zikaanza kuteleza sakafuni. Zimwi akashika mguu wa kitanda, akanguruma, "Shemeji! Shemeji, usinifanyie hivyo!"

"Shomvi, mume wangu, nimekuwia radhi. Nenda. Nenda ukapumzike."

Akaporomoka Zimwi, anapiga kelele njia nzima, maana mwenye radhi haliwi. Nayo ile damu midomoni mwa Shomvi ikakauka, na macho yake yakatulia. Kungwi akapiga magoti karibu nao.

"Atapita sasa," akasema. "Lakini mwari wangu, radhi ni ya watu wawili. Siku yako nawe itafika. Utasimama pale mlangoni, nao watakuuliza kama mumeo amekuwia radhi. Mwombe sasa, hatarudi tena."

Mwatime akainama. "Mume wangu, nimekukosea sana. Nimekutesa. Umeniwia radhi?"

Shomvi akafungua kinywa. Kinywani hamkuwa na ulimi.

Kutoka chini kabisa, mbali, sauti ikapanda, ya adabu vile vile: "Nitakungoja, shemeji."

Mwatime akalia kilio ambacho hakulia hata siku ya mazishi. "Nilimkatiza mwenyewe! Alitaka kuniambia, nikamkatiza!"

Basi ule mkono wa Shomvi ukainuka. Ukainuka polepole, ukafika kichwani kwa Mwatime, ukatulia juu ya utosi. Usiku wa harusi bwana harusi akiingia, kitu cha kwanza humwekea mkewe kiganja utosini, akawaombea dua wote wawili. Ndivyo Shomvi alivyomwekea. Ukakaa pale kitambo. Kisha Kungwi akaushika mkono ule, na pale mapajani pakabaki kanga tupu.

"Kungwi wangu," Mwatime akasema, "umeona? Amenijibu."

"Nimeona. Lakini mkono si neno, mwari wangu. Mlangoni huulizwa neno."

"Mimi nitakwenda na huo mkono."

"Tangu nianze kazi hii sijampeleka mtu mwenye mkono utosini na asiye na neno," Kungwi akasema. "Sijui watasemaje." Akainama, akaingia uvunguni, sakafu ikajifunga.

Bi Kidawa akaingia na sinia, akamkuta mkwewe amekaa chini na kanga tupu mapajani. "Mwanangu, una nini?"

Mwatime akamshika miguu. "Mama, niwie radhi. Na mimi nimekuwia radhi." Bi Kidawa hakuelewa hata kidogo, lakini akasema, "Nimekuwia, mwanangu. Haya, kula."

Mwatime akamaliza eda yake. Hakuolewa tena. Akaishi akazeeka, akawa yeye ndiye kungwi wa mji, na mwari akiletwa kwake, kabla hajamfunza kupika wala kulala na mume, alimfunza kwanza kuombana radhi kila jioni, mume na mke, wangali na ndimi zao. Wasichana wengine wakimcheka. Yeye hakucheka.

Siku alipokufa, nyumba ilijaa. Waliomwia radhi ni wengi, mji mzima. Kisha mwanamke mmoja akauliza, "Na upande wa mumewe? Nani atamsemea?" Pale hapakuwa na wa kujibu, na kumsemea mtu kwa huruma walikwisha kukatazwa na marehemu mwenyewe. Wanaume wakainua jeneza, wakaenda nalo.

Alipita? Hakupita? Msiniulize mimi. Aliyekwenda huko hajarudi kuniletea habari.

Hadithi yangu imefika ukingoni, na mimi nimekomea hapo hapo ilipokomea. Iliyo njema mchukue, iliyo mbaya niachieni mimi mzee. Na funzo lake ni hili: aliyekufa mwache aende, na radhi ombaneni mkiwa hai, maana ulimi haudumu.